Kishikwambi kabatini, bando mfukoni mwa mwalimu

Leo naomba tuziweke pembeni kidogo siasa za mjini, tuongelee walimu, hasa kile kishikwambi walichopewa baada ya sensa. Najua wengi wenu mko kafe, mmelipia nusu saa, na dakika kumi zishaenda kwenye kuangalia nani kasajiliwa Simba na nani kaachwa Yanga. Zilizobaki nipeni mimi.

Nianze na kisa. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Sumbawanga ambayo mgeni akishuka kwenye basi la Mbeya anauliza kama kweli hii bado ni Tanzania, mwalimu mmoja aliingia kwenye steshenari ninapomsaidia rafiki yangu kuchapa mitihani. Alikuwa katokea vijiji vya upande wa Kalambo, mbele ya Matai, kapanda Fuso la mahindi. Alitaka tumchapie muhtasari wa somo la Sayansi, kurasa kibao. Kufungua begi atoe hela, nikaona kishikwambi. Kiko ndani ya boksi lake, na ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo.

Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, samahani lakini, si hicho hapo kinaweza kubeba huo muhtasari wote bila kuchapa hata karatasi moja?"

Akacheka. "Marahaba. Kijana wangu, hiki nikikinunulia bando, nyumbani wanakula nini?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na kikipasuka kioo, nani atalipa? Si mimi."

Alilipa karatasi zake, akaondoka. Mimi nikabaki na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani.

Kwa waliosahau, ile Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 makarani hawakutumia madodoso ya karatasi kama zamani, walitumia vishikwambi. Sensa ilipoisha serikali ikaona, vizuri tu, kwamba vifaa vile visikae stoo. Mwishoni mwa 2022 ukaanza ugawaji kwa walimu na watu wa uthibiti ubora wa shule, karibu laki tatu nchi nzima. Mimi nilishangilia na sijutii. Kwa nchi yetu hii, mwalimu wa shule ya msingi kule Kirando kupewa kompyuta ya kiganjani bila kukatwa mshahara si jambo dogo.

Ila sisi huwa tunapenda sana siku ya kukabidhi. Mkuu fulani anakata utepe, picha inapigwa, walimu wamevaa suti. Siku ya pili yake hakuna anayekuja.

Na si mara ya kwanza. Mnakumbuka, au kaka zenu wanakumbuka, katikati ya miaka ya 2000 Sweden ilisaidia kupeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu vya serikali, na sisi tunacho chetu hapa Sumbawanga. Mwaka 2007 wizara ikatoa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi. Baadaye kidogo likaja lile la Tanzania Beyond Tomorrow, kwamba kila shule itaunganishwa. Leo ukilitaja kwa mwalimu kijana anadhani ni jina la bendi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita hapa hapa Sumbawanga ukielekea Mpanda na Kigoma, waya uko chini ya miguu yetu. Umeme wetu kwa miaka mingi ulikuwa unanunuliwa Zambia, na hata hivyo kompyuta ziliwaka. Kwa hiyo anayesema shida ya Rukwa ni vifaa tu, aje tuongee.

Sasa niungame dhambi yangu, maana mimi pia nimewahi kuwa mtu wa kukata utepe. Miaka michache nyuma, mimi na washikaji wawili tuliazima projekta, tukachanga mafuta ya jenereta, tukaenda shule moja ya kata kuwaonyesha Kidato cha Pili video ya moyo unavyosukuma damu. Dakika tisa. Watoto walishangilia kama wako kwenye banda la mpira. Mwalimu wa Baiolojia alitushukuru mpaka tukaona aibu. Tukarudi mjini tunajiona tumeleta mapinduzi.

Wiki mbili baadaye nikampigia mwalimu yule kumuuliza kama wanafunzi wameelewa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Wanaikumbuka sana ile siku." Nikamuuliza tena, na moyo je? Akasema aliwapa jaribio na wengi bado wanachanganya mshipa unaopeleka damu na unaorudisha. Wanaikumbuka siku. Moyo hawaujui.

Kosa letu lilikuwa wazi, ila lilinichukua muda kuliona. Tulidhani teknolojia ya darasani maana yake ni kitu cha kuwekwa mbele ya darasa watoto wakitazame. Kwa shule yenye mikondo ya watoto 40 na umeme wa uhakika, sawa. Lakini kwa mwalimu mwenye watoto 90 kwenye chumba kimoja na kishikwambi kimoja chenye ukubwa wa daftari, we fikiria mwenyewe, nani ataona nini? Mtoto wa dawati la nyuma ataona kisogo cha mwenzake.

Kishikwambi kile ni cha mwalimu. Kazi yake kubwa inafanyika usiku, nyumbani, kabla kipindi hakijafika. Kinachoingia darasani asubuhi ni chaki ile ile, ila mwalimu amejiandaa tofauti.

Ngoja nitoe mfano mmoja niukalie, kwa sababu huu ndio ulionibadilisha mimi.

Baraza la Mitihani, NECTA, sote tunalijua kwa matokeo. Siku ya matokeo kafe zinajaa, mtandao unagoma, watu wanalia na kucheka. Lakini kwenye tovuti ile ile kuna kitu ambacho karibu hakuna anayekibonyeza: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina ya kwake. Kwa darasa la saba zimeandikwa kwa Kiswahili. Wanachukua swali moja moja, wanaonyesha watahiniwa wangapi walichagua A, wangapi B, wangapi C, halafu wanaeleza kwa nini waliochagua jibu baya walilichagua. Kwenye maswali ya kuandika, wanaweka hata picha ya mwandiko wa mtahiniwa aliyepatia na wa aliyekosea.

Hebu tafakari hiyo kitu. Hapo kuna taarifa ya namna watoto wa nchi nzima wanavyokosea, bure, kwenye faili la PDF ambalo ukishalipakua mara moja halikudai bando tena. Kwa maoni yangu hiyo inaipita video yoyote ya moyo.

Mwalimu mmoja wa Hisabati, shule ya msingi si mbali sana na Laela, nilimwekea faili hizo kwenye memori kadi, miaka kadhaa iliyorundikana. Sikumfundisha kompyuta. Nilimwonyesha vitu vitatu tu: faili liko wapi, unakuzaje maandishi, unatafutaje neno. Dakika ishirini, chai ikiwa mezani. Baada ya hapo akabuni mchezo wake mwenyewe, mimi sikumwambia. Anaingia darasani anaandika ubaoni jibu baya, kwa makusudi. Nitoe mfano wangu mwenyewe, si wa NECTA: robo tatu kujumlisha nusu, anaandika nne ya sita. Halafu anasema, "Mwenzenu kaandika hivi. Hajui kakosea wapi. Nani atamsaidia?"

Ananiambia darasa linawaka moto. Yule mtoto ambaye hanyooshi mkono kamwe, kwa kuogopa kuchekwa, safari hii ananyoosha, kwa sababu aliyekosea si yeye. Na mwalimu papo hapo anagundua nusu ya darasa waliona nne ya sita ni sahihi kabisa! Amejua kabla ya mtihani, wakati bado kuna muda wa kurekebisha.

Hakuna projekta hapo, hakuna jenereta. Ukipita nje ya dirisha utasema huyu anafundisha kizamani.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani wana mkusanyiko wa majaribio ya sayansi unaoitwa PhET. Unapakua faili la MB chache, linafunguka bila mtandao. Mwalimu wa Fizikia asiye na maabara anaweza kuunganisha betri, balbu na waya kwenye kioo na kuona nini kinazimika. Hapo watoto sita sita wanaweza kuja mezani kwa zamu wakati wengine wanafanya zoezi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu, TET, viko kwenye Maktaba Mtandao yao. Kuna Kiwix pia, inayokuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima na kuisoma bila mtandao. Na kwa Kiingereza cha madarasa ya chini, sauti tu inatosha: unaweka hadithi kwenye flashi, unachomeka kwenye redio ya mwalimu au sabufa ya jirani, watoto wanasikia matamshi. Kila kijiji kina sabufa, hilo halina ubishi, kwi kwi kwi.

Tahadhari moja lakini. Makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa "notisi" ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Tangu Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa awamu, nimeona walimu wakichapisha mihtasari ya zamani kwa darasa ambalo limeshahamia mpya. Karatasi ream nzima, hela ya mwalimu, na ni za mtaala uliokwisha. Na msinitajie AI jamani. Ni msaada, sikatai, lakini muulize akutungie maswali ya Hisabati kwa Kiswahili uone anavyochanganya kigawanyo na kigawanye kwa kujiamini kabisa. Mwalimu anayejua somo atamrekebisha. Mwalimu aliyebebeshwa somo ambalo hakulisomea atayanakili ubaoni vile vile.

Sasa hela, maana ndiko mwalimu wa Kalambo alikoanzia.

Mnakumbuka zile kelele za Aprili 2021, bei za vifurushi zilipobadilika ghafla mpaka serikali ikasimamisha? Walimu walikuwa kwenye kelele zile kama sisi. Tufanye hesabu nyepesi, tuchukulie shilingi 2 kwa MB moja. Video ya MB 100 ni shilingi 200. Ndogo, si ndiyo? Lakini shule ina walimu 20, kila mmoja anaipakua kivyake, hapo ni 4,000. Ingepakuliwa na mmoja na wengine wakarushiana kwa Bluetooth au Xender, ni 200 ile ile. Na faili la PDF la MB 3 ni shilingi 6. Pipi ni ghali kuliko hilo.

Nani alipe? Hapa nina ugomvi na wakubwa. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 ikibakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 ikienda shuleni. Chukua shule ya watoto 600 kwa kipimo hicho: milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Hapo hapo chaki, mitihani, kufuli, bawaba za madirisha. Ukitoa elfu kumi kwa mwezi kwa ajili ya bando la shule nzima, umetoa sehemu moja ya thelathini. Kwa bei yetu ya shilingi 2 ni kama GB 5. Mafaili ya MB 3 yanaingia zaidi ya 1,600 humo, kila mwezi.

Inawezekana kabisa. Lakini mwalimu mkuu hathubutu kuandika neno "bando" kwenye vitabu vya hesabu, anaogopa mkaguzi atasema kanunua la kuangalia mpira. Barua moja ya ukurasa mmoja kutoka halmashauri, kwamba matumizi hayo yanaruhusiwa na risiti yake iwe hivi, ingefungua makabati mengi. Barua, wadau. Hata mfadhili haitaki.

Na ile hofu ya kioo kupasuka nayo ni kweli. Walimu niliokaa nao wengi hawana uhakika nini kitatokea kikiharibika kazini au kikiibiwa kwenye nyumba isiyo na geti. Mtu akiwa hajui atalipishwa au hatalipishwa, anakifungia. Mimi na wewe tungekifungia pia. Anayejua jibu huko halmashauri alibandike ofisini kwa walimu kwa maandishi makubwa.

Kuna mdau atasema hapo chini, namjua kabisa, kwamba walimu wenyewe ni wavivu, wanatumia vishikwambi kwa Facebook na kubeti. Wapo. Hata madaktari wapo, hata wewe uko kafe muda huu, mkuu. Ila jiulize, mtu anayemudu kutafuta odi za ligi ya Uturuki kwenye kioo kile, si ndo huyo huyo anayeweza kutafuta uchambuzi wa Hisabati? Ujuzi anao. Hajaonyeshwa kitu cha kumfaa kesho asubuhi saa mbili.

Mafunzo yapo, nisiwe mwongo. MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, yameandaliwa ili walimu wakutane shuleni na kwenye vituo vya walimu wafundishane, na TET wana mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Kwa karatasi ni mpango mzuri. Ukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa, huko Muze na Mtowisa, mwalimu anaambiwa aingie kwenye mfumo, na mtandao wenyewe anaupata akipanda kwenye kichuguu. Mafunzo niliyoyaona kwa macho yangu mara moja, sitasema wapi, yalianza na historia ya kompyuta na sehemu zake, kipanya na kibodi, kwa watu walioshika kifaa kisicho na kipanya wala kibodi. Saa tatu! Wakapewa soda.

Ndio maana nawageukia nyie mlioko kafe. Mnajua vitu ambavyo mnaona si ujuzi. Kujua kwamba faili likishapakuliwa linafunguka bila bando: kuna walimu hawajui, wanadhani kila wakilifungua wanakatwa. Kujua kuhamisha faili kwenda memori kadi. Kujua ukurasa wa NECTA una zaidi ya matokeo. Jumamosi walimu wanakuja mjini, wengine mshahara, wengine mbegu na mbolea, wanapita steshenari kuchapa mitihani. Akisubiri karatasi zitoke, muulize kwa adabu, "Mwalimu, unafundisha somo gani?" Somo kwanza, kifaa baadaye. Usimnyang'anye ukabonyeza wewe harakaharaka kuonyesha ubingwa, mwache abonyeze yeye, hata akichelewa. Ni mtu mzima, pengine amemfundisha kaka yako kusoma.

Sisi pale tumeweka folda moja kwenye kompyuta ya mlangoni, imeandikwa WALIMU. Ndani kuna uchambuzi wa NECTA, mihtasari mipya, PhET kidogo, hadithi za sauti. Mwalimu akija na kadi au kishikwambi tunamjazia bure. Rafiki yangu mwenye steshenari alinuna mwanzoni, anasema nawapunguza wateja wa kuchapa. Tulibishana sana, na sijui kama yeye hana hoja: mwalimu asipochapa muhtasari wa kurasa 80, yeye kapoteza hela ya siku. Tumekubaliana kadi nitanunua mimi, na yeye atauza makava ya vishikwambi. Biashara ya makava inaenda.

Yule mwalimu wa Kalambo alirudi mwezi wa tisa mwanzoni, darasa la saba wakiwa karibu na mtihani. Safari hii hakuchapa kitu. Alileta kishikwambi kikiwa na chaji na orodha ya mada za Sayansi zinazowashinda watoto wake, kaiandika nyuma ya risiti ya mbolea. Tulikaa kama saa nzima. Halmashauri yao hawajatoa barua yoyote ya bando, kwa hiyo walimu wenzake wanamchangia mia tano tano, anakuja kuwachukulia wote mafaili.

Ile nailoni kwenye kioo hajaibandua mpaka leo. Anasema inazuia vumbi la chaki.